Kuzizima Si Kufa

Maandishi kuhusu krustasia wadogo wa pwani za baridi yamezunguka muda mrefu mno juu ya swali moja: mnyama huyu hufa kwenye nyuzi ngapi? Swali lina faida yake, na majibu yake yamejaza majedwali mengi. Lakini jedwali la nyuzi za kifo husimulia siku moja tu ya maisha ya mnyama, yaani ile ya mwisho, tena siku hiyo yenyewe ni ya maabara. Makala sita za toleo hili zinahama hapo. Zinauliza mnyama hufanya nini kati ya Novemba na Machi, yuko wapi barafu inapofika, na kwa nini kutofanya lolote kunaweza kuwa ndiyo kazi yake kubwa ya msimu.

Mfano ambao hakuna anayeukwepa ni Semibalanus balanoides, krustasia wa kunata anayefunika miamba ya Atlantiki ya Kaskazini katika eneo linalofunikwa maji yakijaa na kuachwa wazi yakipwa. Vipimo vilivyofanywa Wales katika miaka ya 1960 vilionyesha kwamba mnyama aliyekomaa, ambaye mwezi Juni huuawa na baridi ya takribani nyuzi 6 chini ya sifuri, mwezi Januari huhimili takribani nyuzi 17 chini ya sifuri. Tofauti hiyo ya zaidi ya nyuzi 10 ndani ya mnyama yule yule ingetosha kuufunga mjadala wa nambari. Kikomo chake hakikuandikwa mwilini mara moja kwa maisha yote. Kinakwenda na kalenda. Makala ya kwanza inaifuata kalenda hiyo hatua kwa hatua. Mayai hurutubishwa mwishoni mwa vuli. Baada ya hapo uume hunyauka na kudondoka, uote upya kabla ya msimu ujao. Kujivua ngozi kunasimama. Mayai hubebwa ndani ya gamba kipupwe chote, na mabuu huachiliwa mwanzoni mwa masika, vimea vidogo vya baharini vinapoanza kuchanua na chakula kupatikana.

Katika miezi hiyo mnyama huyu huganda kweli. Damu yake ina chumvi karibu sawa na maji ya bahari, ambayo huganda kwenye nyuzi 1.9 hivi chini ya sifuri, kwa hiyo hana nafasi ya kuikimbia barafu. Anachofanya ni kuiacha itokee nje ya chembehai. Maji huvutwa kutoka ndani ya chembehai, chumvi iliyobaki humo ikakolea, na chembehai zikasinyaa bila kupasuka. Maji ya bahari yanaporudi, barafu inayeyuka na mnyama anaendelea pale alipoachia. Wadudu wengi wa nchi kavu hutumia njia ya pili, ile ya kubaki majimaji chini ya kiwango cha kuganda, lakini njia hiyo ni kamari mbaya ufukoni. Huko kila jiwe na kila jani la mwani limepakwa vipande vya barafu, na kipande kimoja kikigusa mwili wenye maji yaliyopoa kupita kiasi, mwili wote huganda kwa mpigo.

Zaidi ya hapo, Semibalanus anaihitaji baridi. Maji yakibaki juu ya nyuzi 10 hivi wakati wa vuli, uzazi wake hukwama. Ndiyo maana mpaka wake wa kusini katika pwani ya Atlantiki ya Marekani, ambao zamani ulifika Cape Hatteras, umerudi kaskazini. Anayeendelea kumwita mnyama huyu mhanga wa baridi amesoma jedwali akaacha kusoma mwamba. Kipupwe cha joto ndicho kinachomfukuza.

Makala ya pili inarudi kwenye kipupwe cha 1962 hadi 1963 nchini Uingereza, kilichokuwa cha baridi kali kiasi kwamba bahari iliganda ufukweni katika baadhi ya maeneo. Dennis Crisp alihariri ripoti kubwa ya madhara yake kwa viumbe wa baharini, iliyotoka 1964, na tangu hapo ripoti hiyo imekuwa mgodi wa kila mtu. Semibalanus alipita salama karibu kila mahali. Balanus perforatus, jamaa yake wa asili ya kusini, alikufa kwa wingi kusini mwa Wales. Hadi hapo jedwali la nyuzi linatosha. Haliwezi kueleza kilichowapata wanyama wenye miguu. Kaa wa pwani Carcinus maenas na kamba wadogo Crangon crangon huhamia maji ya kina zaidi baridi inapoingia, na kwa mnyama wa namna hiyo nyuzi za ufukoni si nyuzi anazoishi nazo. Kipimajoto kilichofungwa mwambani humpima mnyama aliyekwisha kuondoka. Wahakiki wawili wa makala hii waliomba iongezewe jedwali la nyuzi za kifo. Halikuongezwa.

Kuhama, kujichimbia na kuzizima ni ngazi tatu za tendo moja, na hiyo ndiyo hoja inayoshikiliwa na toleo hili. Katika ufuo wa Svalbard, penye barafu inayosugua miamba ikauacha uso wake mtupu, krustasia wa kundi la amfipodi, wa jenasi Gammarus, huishi chini ya mawe kiangazi na kuteremkia maji ya chini ya mstari wa kupwa kipupwe kinapoanza. Gammarus setosus hupandana vuli, jike akabeba mayai miezi yote ya giza na kuwaachilia watoto masika. Orchestia gammarellus wa pwani za Ulaya hukaa ndani ya marundo ya mwani yaliyosukumwa na mawimbi, ambayo yakioza hutoa joto lake yenyewe. Talitrus saltator, amfipodi mrukaji wa fukwe za mchanga kuanzia Mediterania hadi Norwe ya kusini, hupanda juu ya mstari wa maji kujaa, akachimba chini zaidi kuliko kiangazi na kutulia humo hadi joto lirudi.

Mrukaji huyu anastahili nafasi kubwa, na amepewa. Mwili wake uliozizima ulichukuliwa kwa muda mrefu kuwa ni mwili uliolemewa: baridi imeingia, misuli imekwama, basi. Vipimo vya miaka ya 1990 vilionyesha jambo jingine. Katika baridi kiasi cha magnesi ndani ya damu yake huongezeka, na magnesi nyingi katika damu ni dawa ya usingizi. Huziba njia ambazo kalsiamu hupitia kuingia kwenye ncha za neva, ujumbe kwa misuli ukadhoofika, moyo ukapungua kasi na matumizi ya oksijeni yakashuka. Wanaofanya kazi baharini wanalijua hilo tangu zamani, kwani wanyama wengi wa pwani hulegezwa kwa chumvi za magnesi kabla ya kuchunguzwa. Wakunga wa Afrika Mashariki nao wanalijua kwa upande mwingine: salfeti ya magnesi ndiyo inayotumika wodini dhidi ya kifafa cha mimba, na mgonjwa anayepewa huangaliwa pumzi na mrejesho wa goti, kwa sababu dozi ikizidi, hivyo viwili hupotea.

Sasa madini hayo hayo yamewekwa katikati ya mjadala mwingine, nao ndio uliosababisha toleo hili kuitishwa. Krustasia wenye miguu kumi, yaani kaa, kamba na jamaa zao, wako wachache mno katika bahari ya Antaktiki, ilhali amfipodi na isopodi wamejaa humo. Mwaka 2001 watafiti wa Taasisi ya Alfred Wegener ya Bremerhaven walipendekeza kwamba sababu ni magnesi. Maji ya bahari yana takribani milimoli 50 za magnesi kwa lita. Kaa wengi hubeba kiasi kinachokaribia hicho damuni, au angalau nusu yake, kwa sababu viungo vyao vya kutoa taka haviwezi kuitoa haraka. Kamba wadogo huishusha hadi sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Kwenye joto, kaa mwenye magnesi nyingi anaendesha maisha bila shida. Kwenye nyuzi zinazokaribia sifuri, baridi na magnesi husaidiana kumlaza, na kaa asiyeweza kupeperusha maji kwenye matamvua yake kwa kasi ya kutosha hawezi kulisha mwili wake oksijeni. Majaribio yaliimarisha wazo hilo: kaa waliopunguziwa magnesi damuni walichangamka katika baridi, moyo ukaenda mbio zaidi na miguu ikasogea upesi zaidi. Na kweli, wenye miguu kumi waliozoeleka katika maji ya kina kifupi ya Antaktiki ni kamba kama Notocrangon antarcticus na Chorismus antarcticus, ambao magnesi yao iko chini.

Wazo hili limeshambuliwa, na mashambulizi mengine ni ya haki. Kaa Hyas araneus anaishi Svalbard akiwa na magnesi yake. Kaa wakubwa wa familia ya Lithodidae, nao si wepesi wa kuitoa, wamepatikana kwenye miteremko ya kina ya Antaktiki, na mwaka 2011 ilitangazwa jamii yao kubwa katika bonde la Palmer Deep karibu na Rasi ya Antaktiki. Wapinzani wanasema basi wazo limekufa. Halijafa. Huko vilindini maji ni ya joto kuliko juu, kwa kuwa maji ya kina yanayoizunguka Antaktiki yako juu ya sifuri huku yale ya juu yakikaribia kuganda, na Lithodidae ni wanyama wa mwendo wa polepole hata wanapokuwa na afya. Hoja ya magnesi haisemi kwamba kaa hawezi kupumua kwenye baridi. Inasema hawezi kuharakisha, na kwamba kila mahali panapodai haraka patamshinda. Historia ya kale ya bara hilo kutengana na mengine na kupoa nayo ina sehemu yake. Kosa la wapinzani ni kutafuta sababu moja itakayokwenda peke yake hadi mwisho.

Kinachokosekana pande zote mbili ni mrukaji wa mchangani. Watu wa kaa wanaandika juu ya magnesi kama kasoro, na watu wa amfipodi wanaandika juu ya kuzizima kama kero ya maabara, bila upande mmoja kusoma wa mwingine. Zikiwekwa pamoja, habari hizi mbili hutoa kanuni moja. Usingizi wa baridi unaofungwa na kufunguliwa kwa msimu ni silaha. Ule usiofunguka ni kifungo. Magnesi ni pingu kwa kaa na shuka kwa mrukaji, na tofauti iko katika uwezo wa kuipandisha na kuishusha. Mnyama anayepaswa kuchunguzwa ni yule anayeweza kuchagua kiwango chake, wala si yule anayekufa kwenye nambari ya chini zaidi. Makala ya tatu, inayohusu magnesi, inakaribia kusema hivyo na kurudi nyuma dakika ya mwisho. Toleo hili linasema kwa niaba yake.

Makala ya nne ni fupi na ni ya ramani. Inarudi kwenye kazi ya Erik Dahl ya 1952 iliyogawa fukwe za mchanga katika kanda na kuonyesha kwamba ukanda wa juu kabisa, penye mwani uliotupwa na maji, huwa wa amfipodi warukaji katika nchi za baridi na wastani na wa kaa katika tropiki. Msomaji wa Bagamoyo au Malindi anawajua kaa hao: Ocypode, wenye mashimo juu ya mstari wa maji na mbio za usiku. Kazi ni ile ile, ya kusafisha kinachotupwa na bahari. Mfanyakazi amebadilishwa kwa kadiri ya joto. Mwandishi hajaitaja magnesi hata mara moja. Angeitaja.

Makala ya tano inahusu ukubwa. Utafiti wa Chapelle na Peck uliochapishwa 1999 ulikusanya amfipodi wa maeneo mengi kuanzia ncha za dunia hadi tropiki na kuonyesha kwamba ukubwa wa juu kabisa hufuata kiasi cha oksijeni kilichoyeyuka majini, ambacho ni kikubwa katika maji ya baridi. Ni usomaji wenye faida.

Makala ya sita, kuhusu jinsi Talitrus anavyotumia jua na mwezi kujua upande wa bahari, haina uhusiano mkubwa na baridi, lakini imeandikwa vizuri.

Kuna sababu ya kuharakisha mjadala huu. Ufuo wa Svalbard unapoteza barafu, kome wa bluu waliotoweka huko kwa karne nyingi walionekana tena mwaka 2004, na Gammarus oceanicus, aliyezoea maji yenye joto kidogo kuliko setosus, amepanuka katika pwani ya magharibi ya Spitsbergen. Utabiri wa nani atahamia wapi bado unafanywa kwa kuchora mistari ya nyuzi za kifo kwenye ramani na kuisogeza kaskazini. Njia hiyo haiwezi kumwona Semibalanus anayefukuzwa na joto, wala kaa ambaye ana nafasi ya kuishi katika maji yaliyopanda nyuzi 1 tu, wala mrukaji ambaye kipupwe kifupi kinamwamsha kabla ya mwani kuwasili ufukoni. Miswada itakayopokelewa kwa matoleo yajayo itaombwa vitu vitatu: mahali alipo mnyama katika kila mwezi wa baridi, hali ya damu yake katika miezi hiyo, na muda anaochukua kurudi kwenye mwendo wa kawaida baada ya baridi kuondoka. Nyuzi za kifo zinaweza kuwekwa kwenye kiambatisho.