Taa za Jua Katika Nyumba za Mawe

Juni 2019, lilipobatilishwa leseni la mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, Lamu, wengi wetu tulisema Alhamdulillahi. Mtambo ule ulikuwa utoe megawati 1,050. Wengine waliuliza: basi umeme tutautoa wapi? Suali hilo ni zito zaidi kwa mtu wa Siyu au Pate mwenye nyumba ya babu yake iliyo mbali na nguzo za umeme, naye ataka kuijenga upya akae.

Jibu la haraka ni sola, na ni jibu zuri. Lakini si mara moja tumesikia fundi akimshauri mwenye nyumba avunje sakafu ya juu, aezeke mabati, kisha paneli zipigwe juu yake. Hapo mtu hupata taa akapoteza nyumba.

Ndugu msomaji, iangalie nyumba yenyewe. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake kiasi cha dhiraa moja. Dari imelala juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina kikomo chake, chumba hakipiti mita 3 kwa upana. Kiwanda cha kati hushusha upepo. Wazee walikwisha kuipiga vita joto kabla ya kuzuka hiyo feni. Nyumba kama hii haina haja ya umeme mwingi: taa 6 za wati 5, feni ndogo ya usiku, redio na simu. Paneli moja ya wati 150 na betri yake yatosha. Iezeke mabati, na huo umeme hautakutosha hata kwa kujipepea.

Mafundi husingizia uzito. Paneli ya kadiri ina kilo 20 tu, nayo sakafu ya chokaa imebeba uzito mkubwa kuliko huo miaka na miaka. Linaloiua ni tundu. Parafujo ikitoboa chokaa, maji ya masika huingia, boriti ikaoza kimyakimya. Paneli na iwekwe juu ya fremu iliyokandamizwa kwa mawe, pasitobolewe kitu. Waya upitishwe kando ya boriti, usichimbiwe ukutani na kuzibwa kwa saruji, kwani saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya jiwe. Zidaka zisiguswe kabisa! Mwenye paa la makuti naye aisimamishe paneli uani juu ya mti; moto na makuti havijapatana.

Upande wa kuielekeza wala haumhitaji mhandisi. Ni kaskazini, ambako huku kwetu ndiko kuliko kibla, kwa tofauti ndogo mno. Wakati wa kusi, mawingu yanapozidi, jua huwa upande huo. Iinamishwe nyuzi 10 hivi ili mvua ioshe chumvi ya bahari.

Liko la pesa. Kampuni huuza sola kwa malipo ya kidogo kidogo, na bei ya mkopo hupita ya taslimu. Wako wanaoikimbia wakisema ni riba. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1990 liliamua kuwa bei ya mkopo yaweza kuzidi ya taslimu, maadamu imekatwa moja tangu mwanzo. Nyongeza anayotozwa mdaiwa kwa kuchelewa ndiyo riba. Kwa hivyo isomwe karatasi ya mkataba, hasa yale maandishi madogo ya chini.

La mwisho ni gumu kuliko yote. Nyumba hizi aghalabu ni za warithi, kumi au ishirini, mmoja Mombasa, mwengine Jeddah. Anayekaa ndani ndiye anunuaye sola na chokaa, na siku wenziwe watakapotaka kuuza, kwa mgeni kama ilivyokwisha kuwa mara nyingi Lamu, ataambiwa vyote ni vya nyumba. Paneli na betri ni mali yake, si mirathi. Gharama ya kutengeneza sakafu ndiyo ya kuafikiana na wenziwe kabla ya jiwe la kwanza kuinuliwa, na makubaliano yaandikwe mbele ya mashahidi wawili, kila tawi la ukoo lishike nakala yake.