Maneno ya Pakiti na Lita Moja ya Maji

Wenye bidhaa hupenda kuanza kwa kujisifu: "bora", "ya kisasa", "chaguo la familia". Sifa hizo hazimwambii mnunuzi afanye nini, nazo zimejaa hata katika kurasa za intaneti.

Tazameni pakiti ya ORS, ule mchanganyiko wa chumvi na glukosi apewao mtoto anayeharisha. Kwa kanuni iliyopendekezwa na WHO na UNICEF tangu mwaka 2002, pakiti ya gramu 20.5 huyeyushwa katika lita moja ya maji. Maji yakipungua, chumvi huzidi ikamdhuru mtoto. Yakizidi, dawa hupungua nguvu. Tena zipo nchi ambako huuzwa pakiti ndogo za mililita 200. Basi kipimo cha maji ndicho kistahilicho herufi kubwa, si nembo ya kiwanda.

Mwandishi akiandika "yeyusha katika maji ya kiasi kinachostahili", amemwacha mama gizani, na mtoto yu mgonjwa. Aandike hivi: "Mimina pakiti yote katika lita moja ya maji safi. Koroga. Mpe mtoto kidogo kidogo. Yaliyobaki baada ya saa 24, mwaga." Wako wanaodhani kuwa maneno mepesi huishusha hadhi bidhaa. Mimi sijaona mama aliyerudisha dawa dukani kwa sababu ameielewa.

Kabla maneno hayajachapwa wala kuwekwa kwenye tovuti, mpeni jirani asiyeijua dawa hiyo ayasome, kisha achanganye mbele yenu. Msimsaidie. Neno litakalomsitisha ndilo la kubadilishwa.