Usidharau Jeraha la Kidole

Mkulima, kidole kimoja hakivunji chawa. Ukipoteza kimoja, hata kukamua ng'ombe kutakuwa taabu.

Mwanao anayekaa Buruburu, Nairobi, akijikata kwa kisu cha jikoni, hospitali ya Mama Lucy Kibaki haiko mbali naye. Wewe wa skimu uko mbali na daktari, na panga lako limetoka katika udongo na samadi, makao ya vijidudu vya pepopunda. Kwa maoni yangu, yafaa wewe ujue kupima jeraha kumshinda mtu wa mjini.

Kwanza vua pete, kidole kisije kikavimba. Inua mkono, ubonyeze jeraha kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Damu ikikoma, osha kwa maji safi na sabuni, ufunge. Usipake mafuta ya taa, tumbaku wala mavi ya ng'ombe.

Kisha jaribu: kidole chakunjika na kunyooka? Ncha yake yasikia ikiguswa? Kama sivyo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama damu imekoma. Nenda pia ikiwa jeraha limeachama, damu haikomi, au miaka 5 imepita tangu sindano yako ya pepopunda.

Kidole kikikatika kabisa, kifunge katika kitambaa safi chenye unyevu, ukitie katika mfuko usiopitisha maji, na mfuko uuweke juu ya barafu. Kisiguse barafu chenyewe. Nenda nacho upesi.

Wengi husema, "Nitakwenda kesho, palizi ni nyingi." Palizi hungoja, kidole hakingoji.