ANEMIA: NI NANI HASA ANAYEKOSEA?

Wapo miongoni mwetu wasomi ambao hucheka pindi muuguzi au mwanafunzi anapotamka "anemia" akiweka mkazo kwenye silabi ya "mi". Kwao, kutotamka kama Mwingereza ni dalili ya kukosa elimu. Kicheko hicho hakina msingi wowote. Ni kasumba tu.

Neno hili si mali ya Waingereza. Asili yake ni Kigiriki, nalo limeundwa kwa vipande vitatu: "an", yaani bila, "haima", yaani damu, na "ia", kiambishi tamati kinachotaja hali. Katika Kiswahili lina silabi nne, a-ne-mi-a, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo kanuni ya lugha yetu. Mwingereza huuweka mkazo kwenye "ne", na hiyo ni haki yake. Lakini Mgiriki wa Athens, mrithi wa lugha iliyolizaa neno lenyewe, hutamka hadi leo a-ne-mi-a, mkazo ukiwa kwenye "mi". Basi ni nani aliye karibu zaidi na asili: muuguzi wetu, au huyo anayemcheka?

Tena, Mgiriki alisema "hali ya kuwa bila damu". Hakuna mgonjwa aliye hai asiye na damu kabisa. Kilichopungua ni chembe nyekundu za damu, au hemoglobini inayobeba oksijeni. Kiswahili husema "upungufu wa damu", na hapo kimeeleza ukweli kwa usahihi zaidi.

Suala hili si mchezo wa maneno. Mama mjamzito anayeambiwa kwa haraka kwamba ana "anemia", pasipo maelezo, huenda akarudi nyumbani na vidonge vya madini ya chuma asijue ni vya nini, akaviacha. Akielezwa kwamba damu yake imepungua, na kwamba malaria, minyoo ya safura na lishe duni ni miongoni mwa sababu, atakuwa na uwezo wa kuchukua hatua.

Kwa hiyo, mwalimu wa sayansi na alichambue neno hilo ubaoni, kipande kwa kipande, ili mwanafunzi akikutana na "lukemia" aitambue damu iliyojificha ndani yake. Mganga naye aanze na Kiswahili, istilahi ifuate. Elimu isiyomfikia mgonjwa ni pambo la msomi, na pambo halitibu.