Kijana wa ulinzi leo, mtoza ushuru kesho

Kila wizi ukizidi mtaani, hii stori inarudi: "Makarao hawaji, tuchange doo, tuwape vijana wakeshe." Naelewa kabisa. Ukipiga simu saa nane usiku na hakuna anayefika, kijana mwenye tochi na rungu pale kwa geti anaonekana malaika.

Lakini wasee, Nairobi ilishapitia hii njia, wengi wetu tukiwa bado watoto. Mungiki walipoingia mitaa kama Mathare, kuna wakaaji waliowashukuru kwa sababu wezi walipungua. Baadaye bili ikaja. Ploti ikalipa, matatu ikalipa, mama wa chang'aa akalipa. Ukikataa, unajua kitakachofuata.

Machi 2002, vita vya Mungiki na kundi lingine la mtaa lililojiita Taliban (si wale wa Afghanistan) viliua zaidi ya watu 20 Kariobangi, usiku mmoja tu. Serikali ikapiga marufuku makundi 18. Novemba 2006, hao hao wawili wakapigana tena Mathare, safari hii juu ya ushuru wa chang'aa. Maelfu ya watu wakahama makwao. Marufuku ilikuwepo, lakini kazi hakuna, na polisi bado hawakuaminika.

Halafu kuna mteja mwingine: mwanasiasa. Vijana waliozoea kutembea na rungu kwa makundi ni rahisi kukodisha. Enzi za Moi kulikuwa na Jeshi la Mzee. Juni 17, 2025 tuliona vijana wakiingia katikati ya jiji kwa bodaboda, viboko mkononi, wakipiga waandamanaji. Vijana kupiga vijana. Tajiri yao hata hakutoka jasho.

Sisemi tulale tu tukiibiwa. Taa za barabarani, namba za majirani, filimbi, zamu ya ploti kwa ploti, hizo zinasaidia. Ila kabla utoe hiyo mia mbili, uliza maswali matatu. Pesa inashikwa na nani, na hesabu inasomwa wapi? Mwizi akishikwa, anapelekwa kituoni ama anachomwa tairi? Na mimi nikikataa kulipa, nitafanywa nini?

Kama hilo la tatu linakuogopesha kuuliza, basi huyo halindi mtaa. Ameshautawala.