Jina Moja, Nguvu Mbili: Maoni Kuhusu Kompyuta za Shule

Miongoni mwa maswali ambayo wanachuo huuliza katika vipindi vya TEHAMA, liko moja ambalo aghalabu hujibiwa kwa haraka mno: je, shule ya msingi inunue kompyuta za mezani au kompyuta mpakato? Mwenye duka hujibu kwa kusoma kibandiko. Husema kwamba zote mbili ni “i5”, kwa hiyo nguvu ni ile ile na tofauti ni umbo tu. Kwa maoni yangu jibu hilo linapotosha, na mwalimu anayelipokea bila kulipima anazichezea fedha ambazo wazazi wamezichanga msimu wa korosho.

Hebu tuchukue mfano mmoja. Mwaka 2016 kampuni ya Intel ilitoa prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, iitwayo Core i5-7200U kwa ajili ya mpakato. Mwanzoni mwa 2017 ikatoa Core i5-7400 kwa ajili ya kompyuta za mezani. Zote ni za kizazi cha saba na zote zina jina la i5. Hata hivyo, ya kwanza ina viini viwili vya kufanyia kazi, na ya pili ina vinne. Ya kwanza imeundwa kwa kiwango cha joto cha wati 15, na ya pili wati 65. Herufi U iliyo mwishoni mwa namba ndiyo inayotoboa siri hiyo, nayo ni ndogo mno kuonekana na mnunuzi mwenye haraka.

Sababu yake si hila ya wafanyabiashara peke yake. Prosesa ikiongezewa mwendo huhitaji umeme mwingi zaidi, na karibu umeme wote huo hugeuka kuwa joto. Kompyuta ya mezani ina nafasi ya kuwekea feni kubwa na bamba nene la chuma la kupoozea. Mpakato ni mwembamba, tena hutegemea betri. Kwa hiyo prosesa yake hukimbia kwa muda mfupi, na joto likizidi hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Wanaofundisha katika mwambao wa Mtwara wanajua jinsi chumba kinavyokuwa mwezi Novemba, kabla mvua hazijashika. Mpakato uliowekwa juu ya kitambaa, matundu yake yakiwa yamezibwa na vumbi, hauwezi kutoa kazi ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya kiwandani.

Je, tuseme basi kompyuta ya mezani ndiyo bora? Hapana. Kazi za shule ya msingi ni kuandika mitihani, kujumlisha alama na kuonyesha picha, nazo haziichoshi hata prosesa ndogo. Tena prosesa kumi za wati 65 ni wati 650, ilhali kumi za wati 15 ni wati 150, mbali na vioo na vifaa vingine. Kwa shule inayotegemea umeme wa jua, hesabu hiyo huamua kila kitu. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, nayo huendesha mitambo ya umeme mjini Mtwara. Lakini kukatika kwa umeme bado si jambo geni kwetu, na kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba huzimika papo hapo pamoja na alama za darasa zima ambazo hazijahifadhiwa. Mimi ningeshauri mpakato kwa shule za Msimbati au Mahurunga, na za mezani kwa chumba cha mjini chenye umeme wa kutegemewa, maana ni nyepesi kutengeneza na si rahisi kuibwa.

Kizazi nacho kitazamwe. Mwaka huo huo wa 2017 ilitoka Core i5-8250U ya mpakato, yenye viini vinne kwa wati 15 zile zile. Katika kazi fupi hukaribiana na ile ya mezani ya kizazi cha saba. Tena Windows 10 iliacha kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huzikataa karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. (Linux huzikubali, ingawa wauzaji wetu ni nadra kuitaja.) Anayenunua kompyuta zilizokwisha kutumika hana budi kusoma namba yote.

Lakini la muhimu kwetu walimu ni njia ya kufundishia. Ulinganishi huu usiandikwe ubaoni ukakaririwa. Mwalimu alete mpakato mmoja na kompyuta moja ya mezani, aweke folda moja ya picha katika zote mbili, na wanafunzi wa darasa la sita wapime kwa saa muda unaotumika kuigandamiza. Warudie mara tano, watafute wastani. Kisha mashine ziachwe zifanye kazi nusu saa mfululizo, na kipimo kirudiwe. Kama muda wa mpakato umeongezeka, mwalimu asiharakishe kueleza sababu. Awaombe waguse sehemu ya chini ya kila mashine, kisha awaulize wao.