Uhuru wa LSK ndio silaha yake, viongozi wasiuweke rehani

JE, kiongozi wa Chama cha Wanasheria nchini, LSK, anaweza kuishtaki serikali asubuhi na jioni akaketi katika jopo lililoundwa na serikali iyo hiyo?

Swali hilo liliwasumbua mawakili na wananchi mwaka 2025, na halipaswi kuzikwa kwa sababu tu waliohusika wamepita. Linagusa kiini cha chama chenyewe: kipo kwa ajili ya nani, na nguvu zake hutoka wapi.

Itakumbukwa kwamba Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha, Rais William Ruto alimteua rais wa LSK wakati huo, Bi Faith Odhiambo, katika jopokazi la kukagua madeni ya taifa. Bi Odhiambo aliukataa uteuzi huo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuelewa: Katiba tayari imempa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kazi hiyo, na hapana haja ya kumwundia mshindani. Wakenya wengi walimpongeza.

Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2025, aliteuliwa tena. Mara hii lilikuwa jopo la kuwafidia waathiriwa wa maandamano, likiongozwa na Profesa Makau Mutua. Bi Odhiambo alikubali na kuapishwa kuwa naibu mwenyekiti. Shutuma zikamiminika, hasa kutoka kwa vijana waliomwona kuwa mtetezi wao. Mahakama Kuu ya Kerugoya ikasimamisha shughuli za jopo hilo Septemba, na Oktoba akajiuzulu.

Haki inatutaka tuseme kwamba uamuzi wake haukukosa mantiki. Waathiriwa wapo. Kuna wazazi waliozika watoto wao na vijana waliopoteza viungo. Ikiwa fidia italipwa, je, si afadhali mezani pawe na mtu anayejua majina na vilio vyao? Anayesusia kila meza hatakuwa na la kusema sahani zitakapogawanywa.

Hata hivyo, hoja hiyo inasahau jambo moja. LSK si shirika la kijamii kama mengine, ambalo mtu hujiunga nalo na kulihama apendavyo. Ni chombo cha sheria. Sheria yake ya kwanza ilitungwa enzi za mkoloni, 1949, na inayotumika sasa ilipitishwa 2014. Kila wakili ni lazima awe mwanachama ili apate leseni ya kila mwaka ya kufanya kazi. Aidha, sheria hiyo inakiagiza chama kulinda Katiba, kuendeleza utawala wa sheria na kuwasaidia wananchi katika masuala ya haki.

Katiba ya 2010 ilikiongezea uzito. Mawakili huchagua wawakilishi wawili, mwanamke na mwanamume, katika Tume ya Huduma za Mahakama, ambayo ndiyo inayopendekeza watu wa kuteuliwa majaji. Hata katika jopo la kuwateua makamishna wa Tume ya Uchaguzi, LSK ina nafasi yake. Kwa hivyo, rais wa chama anapozungumza, hazungumzi kama mwanaharakati mmoja. Anapokubali wadhifa, vilevile, haukubali peke yake. Anakibeba chama kizima mgongoni.

Historia inatufunza jinsi heshima hiyo ilivyochumwa. Bw Gibson Kamau Kuria alizuiliwa bila kufikishwa kortini mwaka 1987 kwa kuwatetea wapinzani wa serikali. Baadaye wenzake walimchagua kuwa mwenyekiti. Mnamo 1991, chini ya Bw Paul Muite, chama kilipaaza sauti kutaka vyama vingi vya siasa. Mawakili waliounga mkono serikali walikimbilia mahakamani ili baraza la chama lizuiwe kuzungumzia siasa. Dola ilikuwa imetambua kwamba chama cha mawakili kinaweza kunyamazishwa kutoka ndani.

Katika miaka ya karibuni, nguvu za chama zimeonekana zaidi pale kilipotumia sheria kuliko kilipotumia makelele. Baada ya wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wao wa teksi kuuawa 2016, mawakili waliandamana na kususia mahakama, kisha kesi ikafuatiliwa kwa miaka. Maafisa watatu wa polisi na mpashaji habari mmoja walipatikana na hatia 2022, na hukumu ikatolewa Februari 2023.

Mfano mwingine ni wa 2024. Watu watatu walipotoweka Kitengela mwezi Agosti, LSK ilikwenda Mahakama Kuu. Kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi, Bw Gilbert Masengeli, aliitwa mara kadhaa na hakufika. Septemba 13, Jaji Lawrence Mugambi alimhukumu kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama, akimpa siku saba za kujisalimisha au kufika mbele yake. Siku saba zilipotimia, watu hao watatu wakaachiliwa. Hukumu hiyo iliondolewa baadaye, lakini funzo lilibaki.

Sasa hebu tujiulize: je, ombi hilo lingekuwa na uzito ule ule kama aliyeliwasilisha angekuwa mteule wa serikali anayeishtaki? Hata kama moyo wake ungekuwa safi kama theluji ya Kirinyaga, mama wa kijana aliyetoweka angekuwa na haki ya kutilia shaka. Wakili anafunzwa tangu chuoni kuepuka mgongano wa maslahi, na anafunzwa pia kwamba shaka peke yake yatosha kuharibu imani ya mteja. Kanuni anayotakiwa kuifuata wakili wa kawaida kijijini haiwezi kumkosa rais wa chama.

Kuna hatari nyingine ya zamani kuliko hii. Kiti cha LSK kimekuwa ngazi. Bw Amos Wako alikikalia kabla ya kuwa Mwanasheria Mkuu. Bw Muite aliingia bungeni 1992. Bi Raychelle Omamo, mwanamke wa kwanza kukiongoza chama, akawa Waziri wa Ulinzi. Dkt Willy Mutunga akawa Jaji Mkuu. Mabw Okong'o Omogeni na Tom Ojienda ni miongoni mwa waliokuja kuwa maseneta. Bw Nelson Havi aliwania ubunge wa Westlands 2022 akashindwa. Si kosa kwa mtu mwenye kipawa kutumikia taifa, na baadhi ya hawa walilitumikia vyema. Kosa ni pale muhula wa miaka miwili unapogeuzwa kampeni, na kila taarifa kwa wanahabari kuwa tangazo la mwaniaji.

Kipindi cha Bw Havi, 2020 hadi 2022, kilionyesha gharama ya siasa za ndani. Chama kilidai kwa ujasiri kwamba Bunge livunjwe kwa kukosa kutimiza sharti la jinsia, na Jaji Mkuu David Maraga akatoa ushauri huo Septemba 2020. Lakini wakati uo huo rais na baraza lake walikuwa wakivutana hadharani kuhusu afisi na fedha. Chama kinachodai utiifu wa sheria kutoka kwa wengine hakiwezi kuonekana kikishindwa kuendesha mikutano yake.

Wakati viongozi wanapong'ang'ania vichwa vya habari, mwananchi wa kawaida anasubiri. Kwake yeye, LSK si ribbon za manjano wala maandamano ya mawakili waliovaa suti. Ni wakili aliyechukua pesa za shamba lililouzwa na hapokei simu. Mnamo 2023 taifa lilishangazwa na habari za mtu aliyedaiwa kujifanya wakili kupitia mfumo wa chama wenyewe. Mlinzi wa lango la taifa sharti kwanza alinde lake.

Dawa haiko mbali. Kwanza, wanachama waandike katika kanuni zao kwamba rais wa chama na wajumbe wa baraza hawatakubali uteuzi wa serikali wakiwa afisini, isipokuwa pale Katiba au sheria inapokitaka chama kutoa mjumbe. Mjumbe huyo naye achaguliwe waziwazi, si kuchukuliwa kwa simu kutoka Ikulu. Pili, uamuzi wowote mzito unaokihusisha chama na serikali upelekwe kwanza mbele ya wanachama. Tatu, chama kitangaze kila mwaka malalamishi mangapi yamepokelewa dhidi ya mawakili, na yameamuliwaje.

Hakuna katika haya linalohitaji Bunge kukesha. Linalohitajika ni wanachama kukumbuka wanapopiga kura kwamba hawamchagui shujaa, bali wanamkabidhi mtu amana. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Anayetaka kuitumikia serikali, njia ni wazi na yenye heshima. Anayetaka kuilinda jamii dhidi ya serikali, ile nyingine nayo ni wazi. Lakini achague moja, na achague kabla ya kuapishwa.